Mwili, macho, mikono: mwongozo kamili kwa kijana anayetaka kuzamia kisayansi na kurejesha matumbawe

Tumbawe la mviringo, lile ambalo asiyelijua hudhani ni jiwe, huongezeka kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka, na mengi hayafiki hata hapo. Ukilikuta lina ukubwa wa mpira wa miguu, yaelekea mna umri mmoja au limekuzidi. Teke moja la pezi la mzamiaji asiyejua kutulia majini latosha kulichuna ngozi yake iliyo hai, na kidonda kile mwani huwahi kukikalia kabla hakijapona.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na kupanda matumbawe. Najua hicho ndicho kilichokuvutia: picha za vijana wakifunga vipande vya matumbawe kwenye fremu chini ya bahari. Kazi hiyo ipo na utaifikia. Ila mpangilio ni huu: mwili ujifunze kwanza, macho yafuate, mikono iwe ya mwisho. Anayeruka hatua huvunja kingi kuliko anachopanda.

Kabla hujavaa mtungi wa hewa

Jipime kuogelea. Kozi ya kwanza ya kuzamia kwa kawaida hukutaka uogelee mita 200 bila kupumzika na uelee dakika 10 bila kushika kitu. Mbio hazihitajiki. Kinachotazamwa ni kama maji yanakutia wasiwasi. Ukiona pumzi inakuruka baada ya mita 50, rudi bwawani wiki kadhaa kwanza. Hakuna aibu hapo.

Kisha fomu ya afya. Pumu, kifafa, matatizo ya moyo, ya masikio au ya mapafu yatajwe yote, hata kama unaogopa kwamba yatakuzuia. Daktari anayeelewa mambo ya uzamiaji ndiye wa kuamua. Mzazi au mlezi atasaini, na ni vema akae nawe mkiijaza, maana yeye hukumbuka ulivyougua ukiwa na miaka mitatu.

Umri una mipaka yake. Katika mfumo wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, kwa mfano, cheti cha kwanza cha watoto huanzia miaka 10. Wa miaka 10 na 11 hawazidi kina cha mita 12, na huzama na mzazi, mlezi au mkufunzi. Wa miaka 12 hadi 14 hufika mita 18 wakiwa na mtu mzima mwenye cheti. Ukitimiza miaka 15 unapewa cheti kamili. Jina la mzamiaji wa kisayansi, kwa maana rasmi, huja baadaye: nchini Marekani, chama cha AAUS kinachosimamia viwango hivyo hutaka mtu awe na miaka 18, apitie mafunzo ya saa 100, na awe amezama mara 12 au zaidi katika mafunzo hayo. Hilo lisikuvunje moyo. Ujuzi wenyewe unaweza kuanza kuupata mapema, na huko Florida kuna shirika la SCUBAnauts International linalowafundisha vijana wa miaka 12 hadi 18 mbinu hizi hizi, nao wameshiriki kupanda matumbawe halisi.

Jambo moja ambalo wengi hulidharau: miwani na mrija wa kupumulia. Sehemu kubwa ya mwamba wa matumbawe iko kwenye maji mafupi ambako mtungi hauhitajiki. Kijana anayejua kuelea juu na kutazama chini kwa utulivu anaweza kuhesabu samaki, kupiga picha na kuchunguza rangi ya matumbawe hata kabla hajapata cheti chochote.

Hatua ya kwanza: mwili

Kanuni iliyo juu ya zote ni kutoshikilia pumzi. Ukiwa juu ya maji, mwili wako unabeba uzito wa anga moja. Ukishuka mita 10 unabeba mara mbili, mita 20 mara tatu. Hewa iliyojaza mapafu yako kwenye mita 10 itataka nafasi mara mbili ukifika juu. Kama umefunga koo, nafasi hiyo itapatikana kwa kupasua mapafu, na hatari kubwa iko karibu na uso wa maji, kwa sababu huko ndiko shinikizo hubadilika upesi zaidi kwa kila mita. Pumua mfululizo, polepole, ndani na nje. Ukivuta hewa kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita.

Masikio yasawazishe mapema, tangu nusu mita ya kwanza, kabla hayajauma. Bana pua, pulizia taratibu, endelea kushuka. Yakiuma, panda mita moja ujaribu tena. Yakikataa, mbizi ya siku hiyo imekwisha, na ukiwa na mafua usishuke kabisa.

Kupanda ni taratibu: usizidi mita 9 kwa dakika, kisha simama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutokeza. Kubaliana na mwenzako, mkiwa bado juu, mtageuka mkibakiwa na hewa kiasi gani, na mpange kufika juu mkiwa na bar 50 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini) zisizoguswa. Kumbuka pia kwamba dole gumba lililoinuliwa, huku majini, maana yake ni “tupande”. Kusema “niko sawa” unaunganisha kidole cha shahada na dole gumba viwe duara. Na baada ya mbizi subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, au saa 18 kama umezama zaidi ya mara moja.

Hayo mkufunzi yeyote atakufundisha. Linalomtofautisha anayefaa kufanya kazi kwenye mwamba ni kutulia majini, yaani kubaki pale pale bila kupanda, bila kuzama, bila kupunga mikono. Hili halipatikani katika kozi ya siku nne. Litengee muda wake bwawani, hivi:

1. Rekebisha uzito. Ukiwa juu ya maji, jaketi la kuelea limetolewa hewa yote na umeshika pumzi ya kawaida (hapa juu inaruhusiwa), maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Wanaoanza karibu wote hubeba vipande vingi mno vya risasi vya kuongeza uzito, kisha wanajaza jaketi hewa ili wasizame, na vitu hivyo viwili vinagombana mbizi nzima.

2. Lala kifudifudi kama mtu aliyelala mezani, magoti yamekunjwa, mapezi juu kuliko tumbo. Miguu ikining’inia, itatimua mchanga, na mchanga huo huangukia matumbawe na kuyaziba.

3. Ning’inia nusu mita juu ya sakafu ya bwawa kwa dakika 3. Tumia mapafu peke yake: ukivuta hewa unapanda kidogo, ukitoa unashuka kidogo. Usiguse kitufe cha jaketi.

4. Jifunze teke la chura, miguu ikisukuma maji nyuma wala si chini. Kisha jifunze kurudi kinyumenyume, maana siku moja utajikuta uso kwa uso na tawi la tumbawe na nyuma ndiko pekee pa kwenda.

5. Sasa rudia zoezi la tatu ukiwa unaandika. Funga penseli kwa uzi kwenye kibao cha plastiki, na mwenzako akuonyeshe namba kwa vidole uziandike. Hapa ndipo ukweli hujitokeza. Mtu aliyekuwa ametulia vizuri anaanza kuzama mara tu akili inapohamia kwenye penseli.

Zoezi la tano ndilo mtihani wangu. Ukiweza kuandika namba 20 bila kina chako kubadilika zaidi ya urefu wa mkono mmoja, uko tayari kwenda mwambani. Kama bado, rudi bwawani, hata kama cheti kiko mfukoni.

Glavu ziache nyumbani, isipokuwa kazi yenyewe inazidai. Mwenye glavu hushika. Na badala ya kujipaka mafuta ya jua, vaa shati la kuogelea la mikono mirefu; baadhi ya kemikali zilizomo katika mafuta hayo, kama oksibenzoni, zimepigwa marufuku Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 kwa ajili ya matumbawe.

Hatua ya pili: macho

Jua kwanza unatazama nini. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja na kinywa chake na mikono yake midogo, wakijijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya ngozi yao wanaishi mwani wadogo mno wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na mwani hao ndio wanaolipatia tumbawe rangi yake ya kahawia, kijani au manjano. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi kwa wiki kadhaa, maelewano huvunjika: mwani hutoka, na mifupa myeupe huonekana kupitia ngozi. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka bado li hai, lakini lina njaa. Ukisogea karibu utaona polipu zake bado zipo, zinang’aa kama kioo chembamba. Lililokufa halina ngozi hiyo. Baada ya siku chache mwani wenye nyuzi hulifunika kwa rangi ya udongo. Kutofautisha haya mawili ni ujuzi wa kwanza wa mzamiaji wa kisayansi, na rekodi nyingi za wanaoanza hukosewa hapo.

Kuna chombo rahisi cha kuanzia: kadi ya rangi ya CoralWatch, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Ina safu za rangi zenye alama 1 hadi 6, kutoka nyeupe kuelekea iliyokoza. Chagua tumbawe bila kupendelea, tafuta sehemu yake iliyofifia zaidi ukiacha ncha zinazokua, linganisha na kadi, andika. Kisha sehemu iliyokoza zaidi, andika. Rudia kwa matumbawe mengine. Rangi ikishuka hatua mbili kati ya ziara moja na nyingine, ni dalili ya kupauka. Fanya hivyo mahali pamoja kila mwezi na utakuwa na kitu ambacho mtafiti anayepita mara moja kwa mwaka hana.

Baada ya hapo, utepe. Mfumo wa Reef Check, ulioanza 1996 kwa ajili ya wajitoleaji, hutandaza utepe wa mita 100 juu ya mwamba kwa kina kimoja na kuugawa vipande vinne vya mita 20, vikiachana mita 5. Kila nusu mita unadondosha uzi wenye kitu kizito na kuandika kilichoguswa: tumbawe gumu, tumbawe laini, tumbawe lililokufa hivi karibuni, mwani, sponji, mwamba mtupu, vifusi, mchanga, tope, au kingine. Kila kipande kina nukta 40, utepe mzima nukta 160. Tumbawe lililokufa hivi karibuni ni lile ambalo vijumba vya polipu bado vinaonekana. Likishasagika au kufunikwa kabisa, linaandikwa mwamba.

Zoezi hili lifanyie nchi kavu kwanza. Tandaza utepe wa mita 20 kwenye uwanja, dondosha uzi kila nusu mita, andika: nyasi, jiwe, jani, udongo. Kisha mwenzako apite utepe ule ule bila kuona karatasi yako. Linganisheni. Majibu yenu 40 hayatalingana, na hapo ndipo mafunzo yanapoanza: kaeni chini mkubaliane jani lililo juu ya nyasi linahesabiwa jani au nyasi. Watafiti wazoefu nao hufanya hivyo kabla ya kila msimu, na timu isiyofanya huishia kupima tofauti kati ya watu badala ya tofauti kati ya miaka.

Samaki wana ugumu wao. Majini kila kitu huonekana kikubwa kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo chewa uliyeapa kwamba ana sentimita 40 huenda ana 30. Kata vipande vya bomba la plastiki vya urefu unaojulikana, mwenzako avitawanye bwawani, uvikadirie, kisha mvipime. Rudia hadi makosa yako yapungue. Anza na makundi machache unayoweza kuyatambua kwa umbo na mwendo: kitatange, pono, chewa, mkunga. Rangi pekee isikudanganye, kwani wekundu huanza kupotea ukipita mita 5 tu, na samaki mwekundu huonekana wa kijivu.

Sheria ya kibao: andika ulichokiona, si ulichokitarajia. Usipojua, andika “sijui” na upige picha. Alama ya kuuliza haimdhuru mtu. Jina la kubahatisha likishaingia kwenye jedwali hakuna atakayejua kwamba lilibahatishwa. Na hamisha namba zako kwenye daftari siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, maana kesho 7 yako itafanana na 1.

Hatua ya tatu: mikono

Kabla ya kupanda, uliza swali moja: matumbawe ya hapa yalikufa kwa nini? Kama ni nanga, mlipuko au dhoruba na chanzo kimeondoka, kupanda kuna maana. Kama ni maji machafu yanayoendelea kumwagika, vipandikizi vyako vitakufa kama vilivyotangulia. Na joto hushinda vitalu vyote, yaani mahali vipande vinapokuzwa kabla ya kupandwa mwambani: majira ya joto ya 2023 bahari ya Florida ilichemka kiasi kwamba maelfu ya matumbawe yalitolewa vitaluni na kukimbiziwa kwenye matangi ya nchi kavu, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa nne kwa dunia nzima. Nakwambia haya ili ujue kazi yako ni ipi: ni kununua muda kwa ajili ya mwamba, huku watu wakilishughulikia joto lenyewe.

Jambo la pili ni kibali. Karibu kila mahali matumbawe yanalindwa kisheria, na kuhamisha hata kipande kilichovunjika bila ruhusa ni kosa. Kwa hiyo utafanya kazi hii chini ya mradi wenye kibali na mwanasayansi anayeusimamia. Mradi usioweza kukuonyesha kibali, au usio na rekodi za vipandikizi vya mwaka uliopita, usiupe siku yako.

Mbegu hutoka wapi? Bora zaidi ni vipande vilivyokwisha kuvunjika na kulala mchangani, ambavyo vikiachwa vitasagika. Ikilazimu kukata kutoka tumbawe lililo hai, kwa kawaida haizidi sehemu ya kumi. Chukueni kutoka matumbawe mengi tofauti, kwa sababu vipande vya tumbawe moja ni nakala zake. Ugonjwa ukiua kimoja waweza kuua vyote. Kila kipande kipewe namba ya mzazi wake.

Kitalu chaweza kuwa meza, kamba, au “mti” wa mabomba unaoelea katikati ya maji, mtindo ulioenezwa na Ken Nedimyer na Coral Restoration Foundation ya Florida. Vipande huning’inizwa kwa uzi wa kuvulia samaki, huyumba na mkondo, hupata mwanga pande zote, na konokono wanaotambaa chini hawavifikii. Matumbawe ya matawi hukua upesi humo, sentimita 10 hadi 20 kwa mwaka. Yale ya mviringo hutumia njia nyingine, iliyoendelezwa na David Vaughan katika maabara ya Mote: hukatwa vipande vidogo vya sentimita moja hivi, vikapangwa karibu karibu, na kwa kuwa ni vya mzazi mmoja huungana vikawa ngozi moja. Huko Indonesia wanatumia nyota za chuma zenye pembe sita zilizopakwa mchanga, zikifungwa pamoja juu ya vifusi ili visiendelee kuviringika. Mwamba mmoja uliopandwa hivyo umeandikwa neno “HOPE”, yaani tumaini, na unasomeka kutoka angani.

Kazi yako ya kwanza kitaluni itakuwa kusafisha, na huenda ikabaki kuwa kazi yako kwa miezi. Ipokee kwa moyo. Chukua mswaki, shika bomba la mti kwa vidole viwili, sugua mwani kuanzia pale uzi unapogusana na bomba, ukielekea kwenye tumbawe na kusimama kabla hujalifikia. Taka zitaelea mbele ya miwani yako. Subiri mkondo uzipeleke. Utaona samaki wadogo wakija kula ulichokisugua. Ukiona kipande kina ute mwingi, kimeguswa mno, kiache. Ukiona doa jeupe lenye mpaka mkali, tafuta konokono aliyejificha chini yake na umwonyeshe kiongozi kabla hujamwondoa.

Kupandikiza kwenyewe ni kufupi. Chagua mwamba mgumu, usiotikisika, usio na sponji wala mwani mnene. Sugua mahali pale kwa brashi ya waya mpaka chokaa safi ionekane. Weka donge la simenti au gundi maalumu ya baharini, bonyeza kipande kikae imara, na hakikisha ngozi yake hai imegusa mwamba, kwa sababu ndipo kitakapojishikiza chenyewe. Ukitumia msumari na kifungo cha plastiki, kaza hadi kisicheze kabisa. Kipande kinachocheza kila wimbi hujikwangua, hakishiki kamwe. Mmoja apande, mwenzake aangalie hewa, kina na wakati. Mpandaji huzama katika kazi hadi akasahau geji. Kisha badilishaneni.

Kurudi

Piga picha ya kila kipandikizi siku ya kupanda, ukiweka rula kando na namba ikisomeka. Rudini baada ya mwezi mmoja: vitakavyokosekana sasa, vingi vimeng’oka, na hilo ni kosa la kufunga linaloweza kurekebishwa. Rudini baada ya miezi sita, kisha mwaka. Hapo mtaona makosa ya kuchagua mahali, na magonjwa, na joto. Pimeni kwa rula ile ile, pembe ile ile.

Mtakuta vilivyokufa. Msiviruke kwenye orodha ili asilimia ipendeze, na msiving’oe kabla ya kuvipiga picha. Shuka, tulia nusu mita juu yake kama ulivyojifunza bwawani, shika penseli, andika: namba 17, imekufa, imefunikwa na mwani, kina mita 6, tarehe, jina lako. Kisha sogea kwa namba 18.